Gesi ya Kupikia kutoka Taka za Soko la Emali

Mabaki ya mboga, matunda, chakula na machinjio yakifungiwa mahali pasipoingia hewa huoza na kutoa gesi inayowaka, yaani bayogesi. Asilimia 50 hadi 70 ya gesi hiyo ni methani. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksidi, pamoja na mvuke wa maji na chembe za sulfidi ya hidrojeni, ambayo ndiyo yenye harufu ya yai viza. Mita moja ya ujazo ya bayogesi yenye methani asilimia 60 ina kawi ya karibu kilowati-saa 6. Jikoni, kiasi hicho hufanya kazi ya karibu nusu kilo ya gesi ya mtungi. Kuoza kwa namna hii hutokea pia ndani ya jaa la taka, chini kabisa ambako hewa haifiki, ila huko methani hupotelea angani, na uwezo wake wa kunasa joto la dunia kwa kipindi cha miaka 100 ni zaidi ya mara 25 ya ule wa kaboni dioksidi. Mtambo wa bayogesi huifanya kazi hiyohiyo ndani ya chombo kilichozibwa, gesi ikakusanywa na kupelekwa mekoni.

Emali ni mji wa njia panda nchini Kenya. Barabara ya Loitokitok inaungana hapo na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na nyanya na vitunguu vya Kimana na Loitokitok hupitia hapo kuelekea miji mikubwa. Kutoka upande wa Makueni huja maembe, machungwa na matikiti. Kuna mnada wa mifugo unaokutanisha Wakamba na Wamaasai, kuna machinjio, na kuna hoteli nyingi za wasafiri na madereva wa malori, ambamo sufuria za maharagwe na muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) hukaa motoni tangu alfajiri. Kwa hiyo mji unazalisha vitu viwili kwa pamoja, taka zinazooza na hitaji kubwa la moto wa kupikia, na mara nyingi viko mita mia chache tu kimoja kutoka kingine. Moto huo kwa sasa unatokana zaidi na kuni na makaa. Miti ya Ukambani imeshalipia gharama hiyo kiasi kwamba mwaka 2018 Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa.

Watu wengi wanaoanza mradi wa bayogesi hufikiria tangi kwanza. Hilo ni kosa la mpangilio, maana tangi ndilo jambo jepesi. Mitambo ya taka za mji hukwama kwa sababu mbili: taka zinafika zikiwa zimechanganyika na plastiki na mchanga, au gesi inapatikana mahali ambapo hakuna wa kuitumia. Miaka ya 1990, jiji la Dar es Salaam lilipangiwa mradi wa Taka Gas, uliotegemea fedha za Mfuko wa Mazingira Duniani, ambao ungezalisha umeme na mbolea kutoka taka za jiji zima. Mtambo huo haukujengwa. Iliyofanikiwa zaidi Afrika Mashariki ni mitambo yenye taka za aina moja na mtumiaji aliye jirani. Katika shamba la Gorge Farm huko Naivasha, mtambo wa zaidi ya megawati 2 ulianza kazi mwaka 2015 ukitumia mabaki ya mboga na mabua ya mahindi, vitu ambavyo shamba lenyewe linavijua na kuvidhibiti. Kiserian, katika Kaunti ya Kajiado, machinjio ya Keekonyokie yalijenga mtambo wa kumeng'enya taka zake yenyewe. Kwa mji wa kadiri ya Emali, mitambo midogo iliyo kando ya soko, kando ya machinjio au uani mwa hoteli ina nafasi nzuri zaidi ya kudumu kuliko mtambo mmoja mkubwa uliojengwa jaani.

Ndani ya mtambo kazi hufanyika kama tumboni mwa ng'ombe, na vijidudu wa jamii zilezile ndio wanaohusika. Kundi la kwanza huvunja wanga, protini na mafuta kuwa sukari, asidi amino na asidi za mafuta. Kundi la pili hugeuza hivyo kuwa asidi nyepesi, na la tatu hufanya asidi hizo kuwa asidi ya siki, hidrojeni na kaboni dioksidi. Kundi la nne ndilo linalotengeneza methani. Makundi ya mwanzo huongezeka kwa haraka, kwa saa tu, lakini la nne huhitaji siku kadhaa ili kuongezeka maradufu. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Mtambo ukilishwa kupita kiasi, asidi hutengenezwa haraka kuliko inavyotumiwa, tope linakuwa chachu, na watengenezaji wa methani wanakufa. Hao hupenda pH ya kati ya 6.8 na 7.5, joto la nyuzi 30 hadi 37, na giza lisilo na oksijeni. Joto likishuka chini ya nyuzi 20 gesi hupungua sana, na chini ya 15 karibu inasimama. Emali ina joto la kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Usiku wa Juni na Julai ndio unaohitaji kuangaliwa, na kuuzika mtambo ardhini hulimaliza tatizo hilo.

Hatua ya kwanza ya kweli ni mizani. Kabla ya kununua tofali moja, taka zinapaswa kupimwa kila siku kwa wiki mbili au zaidi, siku ya mnada ikiwemo, na tena katika msimu mwingine. Soko la Emali la Januari, wakati wa maembe, si soko la Agosti. Kinachopimwa ni taka zilizokwisha kuchambuliwa tu. Gunia moja la taka za soko likimwagwa juu ya turubai huonyesha sababu: nyanya zilizopondeka na majani ya kabeji ndiyo mengi kwa uzito, lakini humo mnatoka pia neti za vitunguu, kamba za nailoni, vipande vya mbao za maboksi ya nyanya, vifuniko vya chupa, betri ya tochi, na mchanga uliozolewa na ufagio. Neti ya kitunguu ndiyo mbaya kuliko vyote, kwa kuwa hujisokota kwenye bomba la kuingizia, hukamata majani, na baada ya siku chache bomba linaziba. Mchanga hauzibi kitu mwanzoni. Hutulia chini na kula nafasi ya mtambo polepole, hadi mtambo wa mita za ujazo 16 unabaki na kazi ya mita 10.

Ndiyo maana kuchambua hufanyika pale taka zinapotokea, wala si mlangoni mwa mtambo. Mama mboga akipewa ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya mabaki ya mboga peke yake, akajua inakusanywa kila jioni bila kukosa, taka hubaki safi. Siku mbili za kukosa kukusanya zinatosha kuirudisha plastiki ndani ya ndoo. Sheria iko upande wa utaratibu huu: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe, zinazooza kando na zisizooza kando, kwenye vyombo vyenye alama na rangi tofauti.

Taka zenyewe hazifanani kwa gesi. Tani moja ya mabaki ya chakula cha hoteli, yenye wanga na mafuta, hutoa karibu mita 100 za ujazo. Mabaki ya mboga na matunda hutoa mita 50 hadi 80 kwa tani, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Samadi mbichi ya ng'ombe hutoa 30 hadi 40 tu, maana ng'ombe ameshachukua kilicho bora. Hata hivyo samadi ina thamani nyingine: inabeba bakteria wanaohitajika na inazuia tope kuchachuka. Mtambo wa Emali unaolishwa mboga na matunda ukiongezewa samadi ya mnada, hata sehemu moja kwa nne, hutulia kuliko ule wa matunda matupu. Samadi ichukuliwe kabla haijakanyagwa ikachanganyika na vumbi.

Vitu vingine vinahitaji kiasi. Maganda ya machungwa na ndimu yana mafuta ambayo huwaua bakteria yakizidi, kwa hiyo hoteli inayokamua juisi isimwage maganda yake yote mtamboni. Maganda ya vitunguu huongeza sulfidi ya hidrojeni. Kokwa za maembe haziozi kwa wakati unaofaa, na zitolewe zote. Damu ya machinjio ina nitrojeni nyingi mno, nayo hugeuka amonia na kuwalemaza bakteria. Uwiano mzuri ni kaboni 20 hadi 30 kwa nitrojeni 1, ambao hupatikana kwa kuchanganya damu kidogo na mboga nyingi au na majani yaliyotolewa tumboni mwa ng'ombe waliochinjwa. Mifupa, manyoya, majivu ya moto na maji ya sabuni ya kuoshea sakafu hayana kazi humo.

Maji ni swali zito katika mji ambao maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Maelekezo ya kawaida husema taka kilo moja kwa maji lita moja, nayo yaliandikwa kwa ajili ya samadi. Nyanya ina maji asilimia 94 hivi, na tikiti halipungui 90. Mboga hizi zikikatwakatwa na kupondwa hutoa uji wake zenyewe. Panapohitajika kuongezea, maji yaliyotoka mtamboni yenyewe hurudishwa: tope hutulizwa kwenye karo dogo, maji ya juu yakachotwa na kuchanganywa na taka za kesho. Hayo yana bakteria hai, hivyo yanafaa kuliko maji ya bomba. Yakirudishwa peke yake miezi mingi, chumvi na amonia hujikusanya, kwa hiyo maji mapya yaongezwe mara kwa mara. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Ukambani huaminika zaidi ya zile za Machi hadi Mei, zikivunwa kwenye paa la soko hutosha kwa kazi hiyo.

Ukubwa wa mtambo hutokana na mizani iliyotajwa. Chukulia kikundi kimejihakikishia kilo 200 za taka safi kwa siku. Zikichanganywa na lita 200 za maji, mengi yakiwa yale ya kurudishwa, ni lita 400 kwa siku. Tope likikaa siku 40, mtambo unahitaji ujazo wa lita 16,000, yaani mita za ujazo 16, na juu yake nafasi ya gesi. Hapo gesi ya siku itakuwa mita 10 hadi 14, sawa na kilo 5 hadi 7 za gesi ya mtungi. Mita 12 huendesha majiko mawili makubwa ya hoteli, kila moja likila mita moja kwa saa, kwa muda wa saa sita. Hoteli moja kubwa au mbili ndogo huimaliza. Umeme ni jambo jingine: mita moja ya gesi ikipitia jenereta ndogo hutoa kilowati-saa 1.5 hadi 2 tu, iliyobaki ikipotea kama joto, na injini huliwa na sulfidi ya hidrojeni. Kwa kiwango hiki, kupika ndiyo njia ya kuitumia gesi bila hasara.

Kuna aina tatu za mitambo zinazofaa. Kuba la tofali na saruji lililozikwa ardhini, la aina iliyoendelezwa Arusha na CAMARTEC, kituo cha teknolojia ya vijijini cha Tanzania, tangu miaka ya 1980, hudumu miaka 20 au zaidi likijengwa na fundi aliyelizoea. Nyufa za saruji ndizo adui yake, na udongo unaopasuka wakati wa kiangazi, uliopo baadhi ya sehemu za Makueni, unadai msingi imara. Mfuko wa plastiki nzito unaolazwa kwenye mtaro huwekwa kwa siku moja au mbili na hupata joto la jua, ila unahitaji ua dhidi ya mbuzi na kivuli cha kuzuia kuchakaa. Aina ya tatu ni matangi mawili ya plastiki, moja limepinduliwa ndani ya jingine, likipanda gesi inapojaa. Muundo huo ulibuniwa na shirika la ARTI la Pune, India, mahsusi kwa mabaki ya jikoni, na ulifika Dar es Salaam pia. Unafaa hoteli moja yenye kilo chache za mabaki kwa siku. Kwa soko, kuba ni bora, na kama ardhi ni ya kupanga, mfuko unaoweza kuhamishwa.

Mtambo mpya huanzishwa kwa samadi, kamwe si kwa taka za soko. Hujazwa samadi mbichi iliyokorogwa na maji kwa kipimo sawa, ukaachwa wiki mbili hadi nne. Gesi ya kwanza ni kaboni dioksidi nyingi na hewa iliyobaki ndani. Haiwaki vizuri, na ikichanganyika na hewa ni ya hatari, kwa hiyo huachiliwa nje mbali na moto. Gesi ikianza kuwaka kwa mwali wa buluu uliotulia, taka huanza kuingizwa kwa sehemu moja kwa kumi ya kipimo kilichokusudiwa, zikaongezwa kila wiki hadi kipimo kamili kifike baada ya miezi miwili hivi. Miezi hii miwili ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa soko limeshaahidiwa kuondolewa taka zote tangu siku ya uzinduzi. Ahadi hiyo isitolewe.

Baadaye kazi ni ya kila siku: kupokea, kuchambua mara ya pili, kukatakata vipande vidogo kuliko kidole, kukoroga, kumimina. Saa ileile, kiasi kilekile. Siku ya maembe mengi, ziada huenda kwenye mboji au kwa nguruwe, mtambo haubebeshwi. Dalili za uchachu ni tatu, nazo hufuatana: mwali unakuwa dhaifu na kujizima, tope linalotoka linanuka asidi kali, na karatasi ya kupimia inaonyesha pH chini ya 6.5. Tiba ni kuacha kulisha. Siku tano au kumi za njaa pamoja na ndoo kadhaa za samadi mbichi hurudisha mtambo katika hali yake. Chokaa kidogo kilichokorogwa husaidia, lakini chokaa bila kupunguza chakula hakina faida.

Bomba la gesi liinamie upande mmoja ili maji ya mvuke yakusanyike penye koki ya kuyatolea, maana maji yakikwama bombani mwali hucheza na kuzima. Kabla ya jiko huwekwa kopo lenye vyuma vilivyokwaruzwa au sufi ya chuma kuukuu yenye kutu, inayonasa sulfidi. Chuma kikigeuka cheusi kinaanikwa kwenye hewa, mbali na vitu vinavyoshika moto kwa kuwa hupata joto, kisha kinarudishwa. Jiko la gesi ya mtungi haliwaki vizuri kwa bayogesi mpaka tundu lake lipanuliwe, na ni afadhali kununua jiko la bayogesi lenyewe. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Tena bayogesi isijazwe kamwe kwenye mitungi ya gesi ya kawaida: methani haigeuki kimiminika kwa shinikizo la mtungi huo, na kuibana kunahitaji mashine, mitungi maalumu na ruhusa ya EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta ya Kenya.

Tope linalotoka lina karibu nitrojeni, fosforasi na potasiamu yote iliyoingia. Wakulima wa Makueni wanaochimba mashimo ya zai, yanayonasa maji ya mvua, wanaweza kulitia humo kabla ya mvua, au kulimwagilia miembe na michungwa. Likimwagwa juu ya ardhi kavu saa sita mchana, nitrojeni hupaa kama amonia, kwa hiyo litiwe jioni na kufunikwa udongo. Joto la mtambo wa kawaida haliui vijidudu vyote vya magonjwa. Tope la machinjio lisitumiwe kwenye nyanya au mboga zinazoliwa mbichi mpaka liwe limechanganywa na majani makavu na kuiva kuwa mboji.

Mji wa Emali umekaa mpakani mwa kaunti za Makueni na Kajiado, na taka ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kikundi kitakachokusanya kutoka pande zote mbili kinahitaji makubaliano ya maandishi na kila upande, pamoja na kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ukaguzi wa maafisa wa afya ya umma. Ukambani una desturi ya mwethya, watu kuungana kwa kazi ya pamoja, na kuchimba shimo au kuchota mchanga hufaa kufanywa hivyo. Kulisha mtambo hakufai kufanywa hivyo. Kazi hiyo ya kila siku inahitaji watu wawili wanaolipwa, na mshahara wao utokane na hoteli zinazonunua gesi na ada ndogo ya usafi sokoni. Mkataba wa gesi na hoteli usainiwe kabla ya kuchimba.

Kuba hufunguliwa kila baada ya miaka mitano au zaidi, kutegemea mchanga ulioingia, ili kuzoa kilichotulia chini. Mtambo huachwa bila chakula wiki kadhaa, gesi yote ikatolewa, kifuniko kikaondolewa na tope likavutwa kwa pampu au ndoo zenye kamba ndefu kutoka nje. Hakuna anayeshuka ndani. Sulfidi ya hidrojeni ikizidi humfanya mtu asiisikie tena harufu yake, na kwenye shimo lisilo na oksijeni anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka naye. Panapolazimu kuingia, ni kazi ya fundi mwenye kipimo cha gesi, feni ya kusukuma hewa, mkanda wenye kamba, na watu wawili juu wanaoishikilia.